Doña Tencha, Bastola ya Mti na Mizunguko Miwili ya Plasta

Ijumaa ya tarehe 27 Juni 2025, saa kumi kamili alasiri, Doña Hortensia Quezada, ambaye hakuna anayemwita Hortensia isipokuwa benki, maana kwetu ni Doña, yaani Bibi, Tencha, atavua aproni yake katika Karakana ya Ngozi ya Pruett, hapa El Paso, baada ya miaka arobaini na mitatu na siku kumi na moja ya utumishi. Siku hizo kumi na moja ameagiza mwenyewe zitajwe. Anasema nne kati ya hizo zilikuwa za joto kali na feni ilikuwa mbovu, kwa hiyo hazisamehi.

Ofisi ilimwomba mwandishi wa wasifu huu aandike ukurasa mmoja usio na matusi. Sharti la pili amelitimiza kwa shida. La kwanza limemshinda, na mtakaosimama juani mkisikiliza, radhi. Mwandishi ni msuguaji wa kingo za ngozi, meza ya pili kutoka kwa Doña Tencha, na kwa miaka ishirini na miwili amekuwa akisikia kila alichosema, pamoja na yale aliyoyasema akidhani anayasema moyoni.

Aliingia hapa tarehe 16 Juni 1982, msichana wa miaka ishirini na miwili, amevuka daraja kutoka Juárez, upande wa Mexico, kuomba kazi ya kufagia. Mzee Virgil Pruett, mwanzilishi wa karakana, Mungu amrehemu, alimuuliza kama anajua kushona. Badala ya kujibu, Tencha aliitazama ala ya bastola iliyoning'inia kwenye mkanda wa mzee, akasema, "Mshono wako umepinda, bwana." Ala ile mzee alikuwa ameishona mwenyewe, na alikuwa akiringia nayo mji mzima. Alimpa msharasi, sindano mbili na uzi wa nta siku ileile, na baadaye alikuwa akisema alimwajiri ili anyamaze. Tangu hapo wamiliki wawili wamejaribu mbinu hiyo na haijafanya kazi.

Hapa karakana tuna jaribio letu, na wageni wa leo waelezwe, maana lina uhusiano na mengi yajayo. Ala ikikamilika, aliyeitengeneza anatia ndani yake bastola isiyo na risasi, anavua kiatu, anaigeuza ala kichwa chini juu ya mguu wake mwenyewe, anaitikisa mara tatu. Isipoanguka, anaiweka mkandani na kuichomoa kwa mkono mmoja, mara tatu, bila kuhangaika. Ala inatakiwa ishike na iachie, yote mawili. Mzee Virgil aliamini kwamba mtu akihatarisha kidole chake atashona kwa makini, na Tencha aliuthibitisha ukweli huo mwezi wa kwanza, kwa kidole gumba cha mguu wa kushoto. Mwezi wa pili kikafuata cha jirani yake. Tangu 1983 hakuna bastola iliyomwangukia, na vidole hivyo viwili, kwa mujibu wake, hutabiri mvua vizuri kuliko redio.

Alipofika mwaka wa kumi tayari alikuwa mtu wa kuagizwa kwa jina. Alichonga waridi kwenye ngozi hadi watu wakawa wanazinusa, na hatia ni yetu, maana tulikuwa tunawaambia zina harufu. Wafugaji, majaji, bwana harusi mmoja aliyetaka kuoa akiwa na ala nyeupe, wote walikaa kwenye kiti kilicho mbele ya meza yake na kupimwa kiuno huku wakitukanwa taratibu. Kijana mmoja aliomba achongewe fuvu la kichwa. "Fuvu unalo tayari, kijana," alimjibu, "tatizo lako ni kilichomo." Mwingine alitaka ala ya kuvalia kanisani bila mkewe kugundua. Tencha alimtazama kuanzia juu hadi chini akasema, "Kwa suruali hiyo iliyokubana, baba, hata dhambi zako zinaonekana." Wote wawili waliagiza, na wote wawili walirudi tena.

Tabia zake nyingine zinajulikana. Anakula burito ileile ya maharagwe na pilipili ya kijani kila saa sita, na hampi mtu. Kila Desemba huleta tamale za unga wa mahindi kwa karakana nzima na kukumbuka hadi Juni nani alichukua tano. Redio ni yake. Feni ni yake. Dirisha ni letu sote, mradi lisifunguliwe.

Sasa tufike mwaka 2012, ambao ofisi imeomba uandikwe kwa kifupi kama "mwaka wa uzinduzi wa ala za tayari." Mwandishi amejaribu ufupi huo na umemkwama kooni.

Mwaka ule mteja aliyeagiza ala kwetu alikuwa anasubiri miezi kumi na sita. Watu watatu walifariki wakisubiri. Mjane wa mmoja wao alikuja kuchukua ala ya marehemu na kuomba ipanuliwe kidogo, aweke mkasi wake wa kukatia waridi. Wengine waliobaki hai walichoka wakaenda kununua ala za plastiki, zinazotoka kiwandani kwa maelfu na kutoa mlio wa sanduku la biskuti. Karakana mbili za mtaa huu zilikuwa zimefunga. Sisi tulikuwa kumi na mmoja, tukabaki sita. Ndipo Royce Pruett, mjukuu wa Mzee Virgil, aliyeirithi karakana pamoja na masharubu, alipotuita na kutangaza kwamba tutatoa ala za tayari: umbo moja, la bastola ya risasi sita wanayobeba wafugaji wengi, ngozi ileile nzuri, uzi uleule, ila zimekwisha kutengenezwa, zimekaa dukani, mtu anaingia na kutoka nayo. "Tukishindwa mwaka huu," alisema, "mwakani hapa wataosha magari."

Doña Tencha aliomba kusema, na sote tukaketi. "Royce, mwanangu," alisema, "ala ya tayari ni sawa na meno ya bandia ya jirani. Kuingia yataingia. Lakini utatafuna?"

Royce alimjibu kwamba mama, watu siku hizi wanataka vitu leo. Tencha akajibu kwamba hata mimba watu wangeitaka leo. Walibishana hivyo hadi mchana. Mwishowe Tencha alirudi kwenye meza yake, akaishika pembe moja, akaigeuza mpaka ikatazama ukuta, akakaa ametupa mgongo. Hakuwa tayari kuona uchafu ule, alisema. Kwa wiki tano alikaa hivyo, akichonga waridi kwenye mkanda wa jaji mmoja, akiimba kwa sauti kila tulipotaka kujadiliana.

Hapa inabidi kueleza jinsi ala inavyopata umbo. Ngozi iliyoshonwa inaloweshwa, inavishwa bastola ya mti, inasuguliwa kwa kipande cha mfupa hadi ishike kila pembe, kisha inaingia kwenye kabati la joto ikauke. Bastola ya mti tuliyohitaji ilikuwa ile aliyoichonga Mzee Virgil kwa mkono wake, na kwa miaka thelathini ilikuwa imeishi mezani kwa Doña Tencha. Royce aliamuru iletwe. Ilikuja nyeusi kwa rangi, kwa nta, kwa vidole, na imezungushiwa tumboni plasta, ile ya kufungia vidonda, mizunguko miwili, iliyokwisha kuwa rangi ya soli ya kiatu.

Mmoja wetu alipewa kazi ya kuiandaa. Huyo mmoja wetu ni mtu nadhifu. Aliibandua plasta, akaikwangua gundi, akaupiga mti msasa laini, akaupaka nta, akausugua ukang'aa. Akairudisha mezani na kusema, "Mnaona? Kumbe chini ya taka kulikuwa na mti mzuri." Tukampongeza. Kisha kwa bastola hiyo nzuri tukatengeneza ala mia tatu na kumi na mbili.

Na jaribio je? Jaribio tulilifanya, msitushitaki. Tulivua viatu, tukageuza, tukatikisa mara tatu. Lakini bastola ya chuma ya kujaribia ilikuwa ndani ya sefu, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Royce, na Royce alikuwa barabarani akialika wenye maduka. Kwa hiyo tulijaribu kwa bastola ya mti. Ilishika vizuri ajabu, ikachomoka vizuri ajabu. Mtu akivaa viatu vyake mwenyewe, bila shaka vitamtosha.

Uzinduzi ulifanyika Jumamosi ya tarehe 20 Oktoba, saa sita mchana, hapahapa uani. Kidari cha ng'ombe kilikuwa kimekaa kwenye moshi tangu jana yake. Wenye maduka walikuja kutoka Las Cruces, Alpine, Odessa, watu ishirini na saba wenye kofia kubwa na kalamu mfukoni, wamekuja kuagiza kama wataridhika. Ala zetu zilining'inia kwenye vyuma, mia tatu na kumi na mbili, rangi ya asali, zinanukia. Mgeni rasmi alikuwa Sherifu Delbert Hargis, wa wilaya ambayo kwa heshima haitatajwa, mwanamume mpana anayependa vipaza sauti kuliko anavyopenda kukamata watu.

Sherifu alitoa risasi zote mbele ya umma, akaonyesha bastola tupu, akaitia kwenye ala. Ikagoma. Akasukuma kwa kiganja. Ikaingia na kulia kama mlango wa ghala. "Hii haiendi popote, jamani!" alitangaza kwenye kipaza sauti, na hakujua ukubwa wa kweli aliyoisema. Ili kuthibitisha alirukaruka mara tatu. Meza zikatikisika, kofia ikaanguka, bastola haikutikisika. Tukapiga makofi hadi viganja vikawaka. Royce alikuwa na machozi kwenye masharubu.

Ndipo mpiga picha aliposema, "Sasa ichomoe, sherifu, tupate picha."

Sherifu aliishika na kuvuta. Akacheka, akavuta tena. Kilichopanda kilikuwa mkanda, na mkanda ulipopanda ulipanda na suruali, na suruali ilipopanda tulijifunza kwamba sherifu huvaa soksi zenye picha za sungura. Msaidizi wake alimkumbatia kiunoni kutoka nyuma ili amzuie asielee. "Mwombe kwa adabu!" mtu akapiga kelele kutoka kwenye meza ya nyama. "Mleteeni daktari wa meno!" akadakia mwingine. Kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa, na sauti ya sherifu ikasikika hadi barabara kuu: "Royce, ndugu yangu, nikivamiwa sasa hivi nimpige na nini? Na mkanda?"

Watu walicheka mpaka wakaegemeana. Halafu wakaacha kucheka, na hapo ndipo ilipouma. Wenye maduka walianza kuweka sahani chini. Mmoja alijaribu ala nyingine kwa bastola yake, ikakwama. Wa pili naye akakwama. Kalamu zikarudi mifukoni, na watu wakaanza kutazama upande wa magari yao. Royce alikuwa mweupe kama sahani za karatasi. Sote tulijua kinachoondoka pale si wageni peke yao.

Doña Tencha alitokea mlangoni, burito mkononi. Hakuwa amehudhuria, alikuwa ndani anatazama ukuta wake. Alimalizia kipande cha mwisho bila haraka, akafuta mikono kwenye aproni, akamfuata sherifu. Aliminya mdomo wa ala kwa vidole gumba viwili, akaisokota bastola kidogo kushoto, ikatoka. "Shusha suruali, mwanangu," alimwambia, "mama zako wako hapa." Kisha akapitisha kidole ndani ya ala, akaguna, akasema aletewe bastola ya mti.

Ikaletwa. Aliigeuza juani, ikang'aa. Aliitazama muda mrefu kuliko ilivyostahili kutazamwa.

"Hii ilikuwa na plasta," alisema. "Mizunguko miwili."

"Plasta gani?" akauliza Royce.

"Mti umekonda, Royce. Babu yako aliuchonga kabla hujazaliwa. Kila siku unaloweshwa, unakaushwa, unasuguliwa na mfupa. Nani asingekonda? Plasta ndiyo inarudisha mwili."

Royce aliyazungusha macho kwetu sote. Mwandishi amesema alikuwa mweupe. Sasa alikuwa mwekundu. "Aliyeitoa plasta hiyo," alisema polepole, "asionekane hapa Jumatatu."

Yule mmoja wetu, mtu nadhifu, alikuwa amesimama karibu na meza ya kachumbari na kipande cha kidari mdomoni. Nyumbani alikuwa na mtoto wa wiki tatu. Alifungua mdomo aseme, na kilichotoka hakikuwa maneno.

"Mimi," akasema Doña Tencha. "Niliisafisha mimi."

"Wewe?" Royce akashangaa. "Wewe kazi hii hata hukuigusa!"

"Ndiyo maana nikakosea."

Halafu akawageukia wenye maduka waliokuwa wakitafuta funguo zao. "Wiki mbili," aliwaambia. "Rudini baada ya wiki mbili. Kila mtu aje na bastola yake na mguu wake." Waliuliza mguu wa nini. Akawaeleza jaribio letu, akavua kiatu, akawaonyesha vidole viwili vya mwaka 1982. Mtu wa Odessa akaanza kucheka tena, na safari hii kilikuwa kicheko cha mtu anayekusudia kurudi.

Royce hakumfukuza. Angemfukuzaje mtu aliyemfundisha kufunga kamba za viatu? Lakini alikuwa ametangaza adhabu mbele ya watu, na ilibidi kitu kifanyike. Jumatatu alimwambia Tencha kwamba aliyeharibu ndiye atakayetengeneza, na kwamba kuanzia siku hiyo ala za tayari ni zake, toka ngozi inapokatwa hadi sanduku linapofungwa. Orodha ya kuagizwa ikafungwa. Mkanda wa jaji, uliokuwa na waridi nne na nusu, ukaingia kwenye droo.

Wenzake tuliona akiishika pembe ya meza na kuigeuza tena, kutoka ukutani kuja kwetu. Hakusema neno, na kwa Doña Tencha hilo ni jambo la kuogofya.

Kwa siku tisa alilowesha ala zote mia tatu na kumi na mbili, moja moja, akazivisha upya bastola ya mti yenye plasta mpya, akazisugua. Alitukalisha sote na kutufundisha alichokuwa akikijua kwa vidole: ngozi ya mgongo hunywea vipi, ya tumbo vipi, siku ya upepo mkavu unaongeza nini. Mambo ya miaka thelathini yalimtoka kwa siku tisa, pamoja na maoni yake kuhusu mikono yetu, wazazi wetu na shule tulizosoma. Ufunguo wa sefu aliuchukua kwa Royce na kuuvaa shingoni. Kila ala ikatikiswa juu ya mguu mtupu mara tatu na kuchomolewa mara tatu, kwa chuma halisi.

Wenye maduka walirudi ishirini na wawili kati ya ishirini na saba. Walisimama uani kwa mstari, wamevua buti, watu wazima wenye soksi zilizotoboka, wakitikisa bastola tupu juu ya vidole vyao kwa nyuso za watu walio misani. Kidole kimoja tu kiliumia, na mwenyewe alikuwa amekuja na bastola ya umbo jingine ili kutuonyesha ujanja. Aliagiza kuliko wote.

Mengine ofisi inayajua na yamo kwenye kabrasha lenu. Ala za tayari za Pruett ziko kwenye maduka ya majimbo tisa. Tulikuwa sita, leo tuko kumi na tisa, na hakuna gari lililooshwa hapa ila la Royce. Ndani ya kila sanduku Tencha alitia kadi iliyosema: Jaribu juu ya mguu wako mwenyewe. Wakili aliomba kadi iondolewe. Iliondolewa kwa wiki moja, na malalamiko yalikuwa mengi kuliko majeraha.

Lakini kwa miaka hiyo kumi na mitatu Doña Tencha hakuchonga waridi hata moja. Hakupata nafasi. Mikono iliyokuwa ikiwafanya watu wanuse ngozi ilikuwa ikikagua ala za umbo moja, mia baada ya mia, kwa sababu ya kosa ambalo hakulifanya.

Mwandishi wa wasifu huu amechoka kujiita mwandishi wa wasifu huu. Plasta niliitoa mimi.

Niliitoa mimi, Eulalio Sáenz, Lalo wa kingo, na nikapongezwa, na nikanyamaza miaka kumi na mitatu. Mtoto yule wa wiki tatu sasa ananizidi urefu. Jumatano hii nilingoja wenzangu watoke kwenda kula, nikaenda mezani kwa Doña Tencha, nikasimama mbele yake na kofia mkononi, nikaanza, "Doña Tencha, kuna jambo la zamani..."

"Plasta," akasema, bila kuinua kichwa.

Nikamuuliza amejua lini. "Palepale uani," akasema. "Bastola ilikuwa inang'aa, Lalo. Imepakwa nta, imesuguliwa. El Paso nzima ni nani mwingine anayesugua kila anachokabidhiwa? Wewe ukipewa mtoto umwogeshe utamrudisha anateleza."

Nikamuuliza basi kwa nini alisema ni yeye. Hapo aliacha kazi, akanitazama, na nikaogopa atasema kitu kizuri. "Kwa sababu msuguaji kingo mwingine ningemtafuta miaka sita," akasema. "Na kwa sababu niliyoyasema yalikuwa kweli. Wewe ulitoa uchafu tu. Mimi nilikaa na plasta ile miaka kumi na tano, na sikumwambia mtu hata mmoja kazi yake. Nilifurahi kwamba najua peke yangu. Ningekufa ile wiki, karakana ingezikwa na mimi. Sasa toka, unanizibia feni."

Nilitoka nje nikalia nyuma ya pipa la rangi. Nayaandika haya kwa kuwa najua leo nitalia tena na mtaniona na macho mekundu, na sitaki msingizie rangi.

Bwana Royce, umeyasikia sasa, mbele ya kidari na wageni kama ilivyokuwa siku ile. Ulisema aliyeitoa asionekane Jumatatu. Jumatatu nitakuwa mlangoni saa moja asubuhi. Ukiniona, jifanye hujaniona.

Doña Tencha, ofisi imekununulia saa ya ukutani, kwa sababu ofisi hazijui zawadi nyingine. Sisi wa mezani tumekununulia upande mzima wa ngozi, bora kuliko zote zilizoingia mwaka huu, usio na kovu wala alama ya kupe, na juu yake tumeweka kilichokuwa kwenye droo: mkanda wa jaji, waridi nne na nusu. Jaji naye amestaafu na amenenepa, itabidi uuongeze. Tumemwambia anasubiri tangu 2012 na akasema anaweza kusubiri zaidi, mradi umalize wewe. Kaa kivulini nyumbani kwako, elekeza meza upande unaoutaka, chonga. Tunakushukuru kwa mikono yako, na kwa ulimi wako pia, ingawa wengine watahitaji muda. Mungu akupe miaka mingi yenye feni nzima.

Asubuhi ya leo nilikuta bastola ya mti mezani kwangu. Ina plasta mpya, nyeupe, mizunguko miwili, na juu ya plasta kuna maneno yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino: LALO, ACHA.

Nenda kapumzike, Doña Tencha. Nimeacha.

Lalo Sáenz, meza ya kingo